Mafundi wa shokapu, kubadilisha sili na kupuliza upepo SIYO oveholi!

Wakuu, salaam. Leo sina lugha laini, atakayekwazika anisamehe.

Shokapu za Fox na King zenye kitangi cha pembeni, hizi zinazofungwa kwenye Land Cruiser za watalii hapa Arusha na kwenye magari ya mashindano ya Rhino Charge kule Kenya, zimeundwa zifunguliwe. Sili, pistoni, rodi, kila kitu kinauzwa kama spea. Mtu anakubali bei yake kwa sababu hiyo. Halafu anaipeleka gereji, anatozwa "oveholi kamili", anarudishiwa kitu kinachong'aa kwa nje. Ikifunguliwa tena unakuta oili nyekundu ya gia otomatiki, shimu (washa nyembamba ya pistoni) moja haipo, na ndani ya kitangi matone ya maji. Maji! Sehemu inayotakiwa iwe na naitrojeni kavu.

Nianze na huo upepo wenu. Shokapu nyingi za aina hii zinajazwa karibu psi 200, yaani bar 14 hivi. Kompresa ya kujazia matairi inakomea bar 8 au 10, kwa hiyo hata presha yenyewe hujaifikia. Najua kuna atakayesema hewa nayo ni naitrojeni asilimia 78. Sawa, lakini hewa ya kompresa ina unyevu. Shokapu ikipata moto presha inayumba, ikipoa maji yanabaki kula ukuta wa kitangi na oringi ya pistoni inayoelea, ile inayotenganisha oili na gesi ndani ya kitangi. Naitrojeni inauzwa na wauza gesi za viwandani, unahitaji mtungi, regyuleta na geji. Kama huna, mwambie mteja huna.

Na kuna wanaosogelea mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa sababu "nayo ni gesi ya presha". Oksijeni ya presha ikikutana na oili inalipuka. Hapo hakuna cha kujaribu.

Oili. Oili ya shokapu hizi ni nyepesi sana, nyingi ni karibu cSt 15 (kipimo cha uzito wa oili) kwenye nyuzi 40. Oili ya gia otomatiki ni kama 35. Oili ya injini 15W-40 inapita 100. Shimu zimepangwa kwa oili ile nyepesi. Ukiweka nzito gari linakuwa gumu asubuhi, mteja anafurahi, anadhani shokapu zimepona. Akifika kwenye barabara ya Naabi kwenda Seronera, ile iliyojaa vituta vya mfululizo, pistoni inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde. Oili nzito haipiti haraka kwenye matundu, nyuma ya pistoni panabaki utupu, mapovu yanaanza, na shokapu inakufa katikati ya safari.

Shimu ndizo zinazonipandisha presha zaidi. Zile washa nyembamba juu na chini ya pistoni ndiyo akili yote ya shokapu. Zitoe zote pamoja, zipitishe kwenye waya kwa mpangilio wake, piga picha, kisha pima kila moja kwa maikromita. Usikadirie kwa macho. Ugumu wa shimu unakwenda na unene wake mara tatu: ukiweka ya milimita 0.25 mahali pa 0.20, shimu hiyo imekuwa ngumu karibu maradufu. Halafu unamwambia mteja "ni kitu kidogo tu". Na pistoni ina upande. Ikigeuzwa, ugumu wa kushuka na wa kurudi unavurugika.

Rodi nayo haiangaliwi. Pitisha ukucha taratibu kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha jiwe na kromu imetoboka, sili mpya italiwa muda si mrefu, hata uweke ya dhahabu. Rodi hiyo inabadilishwa. Kuipiga msasa ni kumalizia kromu iliyobaki na kuikaribisha kutu. Pia msiibane rodi kwenye jiliwa la meno matupu. Tengenezeni vibao vya alumini au mbao vyenye tundu lake.

Sili ya rodi, mdomo wake unatazama oili. Ya vumbi inatazama nje. Nyuzi za mwisho wa rodi zina makali, kwa hiyo vika kofia laini iliyopakwa oili kabla ya kupitisha sili, la sivyo umeikata kabla haijafanya kazi hata siku moja. Sili za duka la haidroliki zenye vipimo sawa si lazima zifae: nitraili ya kawaida inaanza kukakamaa joto likizidi nyuzi 100, na shokapu kwenye safari ndefu ya vumbi inafika huko. Ulizia vaitoni, mpira unaostahimili joto zaidi.

Sasa pistoni inayoelea, ambayo wengi wanaisukuma tu mpaka inapogota na kufunga. Chukua rodi ya inchi 7/8, yaani milimita 22.2, yenye mwendo wa milimita 250. Ikizama yote inachukua nafasi ya mililita 97. Oili hiyo lazima ipate pa kwenda, na pa kwenda ni kwenye chumba cha gesi. Chumba kikiwa na mililita 200 rodi ikiwa nje, presha itapanda kutoka psi 200 hadi kama 400 rodi ikizama yote. Hiyo inavumilika. Ukiacha mililita 90, rodi itagonga ukuta wa oili kabla ya kufika mwisho, na kitakachopasuka sijui ni sili au mkono wa shokapu kwenye chasisi. Ukiiweka pistoni hiyo karibu mno na upande wa oili nako, rodi ikitoka yote pistoni inagota, presha haifiki kwenye oili, mapovu yanarudi. Kwa hiyo: toa gesi YOTE kwanza, kabla ya kugusa pete ya waya inayoshikilia kifuniko, kisha pima kina cha pistoni hiyo kwa kaliba kabla hujaitoa, na ulinganishe na kipimo cha mtengenezaji. Usirudishie kipimo cha fundi aliyepita, huenda ndiye aliyeharibu.

Kutoa hewa ni kazi ya subira. Jaza oili taratibu, sogeza rodi kidogo kidogo, gongagonga silinda na bomba la kitangi kwa nyundo ya plastiki, acha itulie, rudia mpaka hakuna povu linalopanda. Kufunga kifuniko ukiwa na mapovu ndani halafu kusema "itajitoa yenyewe barabarani" ni uongo. Kwenye silinda hiyo haina pa kutokea.

Kuhusu shokapu zile za mirija miwili zilizofungwa kiwandani, ambazo mnatoboa, mnachomelea nati na kujaza oili: hizo hata sibishani. Nunueni mpya.

NYONGEZA: wadau kadhaa wameuliza mteja asiye na geji atajuaje kama presha ipo. Msitumie geji ya tairi, chumba cha gesi ni kidogo, ukichomeka tu presha imeshashuka. Chukueni mzani wa kupimia uzito wa mtu. Shokapu ikiwa haijafungwa kwenye gari, simamisha rodi juu ya mzani na sukuma polepole sana. Kwa rodi ya inchi 7/8 yenye psi 200, rodi inaanza kuingia mzani ukisoma kama kilo 54, pengine na chache zaidi kwa msuguano wa sili. Psi 120 itasoma kama 33. Na ikiingia usikilize: sauti ya kububujika ni hewa kwenye oili. Fanyeni hivyo pale pale gereji, fundi akiwa anaangalia, kabla hamjatoa hela.