Mtoto ana miaka 3, baba anamkana: matunzo bado yanadaiwa?

Mwana_Kinyanambo:
Wakuu, shikamooni. Namuulizia mama mmoja wa hapa Mafinga. Hawakufunga ndoa, baba yuko Mbeya mjini anauza spea. Alikuwa akituma hela mpaka mtoto akafika mwaka na nusu, akakata mawasiliano, sasa anadai mtoto si wake. Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba. Kuna mtu kamwambia mama kachelewa, muda umepita. Ni kweli? Na aanzie polisi au mahakamani?

Igawilo_Juu:
Marahaba. Huyo aliyemwambia kachelewa kasoma nusu ya kifungu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 43, inaruhusu kumdai anayetajwa kuwa baba tangu mimba hadi miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Baada ya hapo mlango haujafungwa, ila lazima uoneshe kwamba ndani ya ile miezi 24 alitoa hela ya kumtunza mtoto. Huyu alitoa. Kwa hiyo kesi nzima imelalia kwenye simu ya huyo mama.

Picha ya meseji pekee ni ushahidi dhaifu. Aende kwenye duka la kampuni ya simu na kitambulisho chake, aombe taarifa ya miamala ya kipindi chote hicho, iliyogongwa muhuri. Kinachokwamisha wengi: baba alikuwa akituma kupitia wakala, jina lake halionekani. Hapo atafute meseji za siku ileile ("nimekutumia ya maziwa") au mtu aliyekuwa akipokea kwa niaba yake.

Polisi asianzie. Dawati la Jinsia na Watoto linamhusu kama kuna kipigo, vitisho au ukatili kwa mtoto. Matunzo ni ya ustawi wa jamii, halmashauri ya Mji Mafinga, huko mtoto aliko.

Wakili_wa_Mlimani:
Naongezea kuhusu kukana. Mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba (DNA). Asijipeleke mwenyewe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako kipimo hicho hufanyika; ofisi ya kanda iko Mbeya lakini haimpokei mtu binafsi aliyekuja mikono mitupu; maombi yapitie mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Huchukuliwa sampuli za mama, mtoto na huyo baba.

Jina kukosekana kwenye cheti si mwisho. Lingekuwepo lingesaidia, lakini sheria inatazama pia kama alimtambua mtoto hadharani, au alifanya mila ya kumpokea kwao. Kama bibi wa upande wa baba alikuja kumwona mtoto na zawadi mbele ya majirani, hao majirani ni mashahidi.

Mwana_Kinyanambo:
Asanteni. Ustawi wakimwita akaja, akakubali?

Igawilo_Juu:
Hapo ndipo watu huharibu. Wanaandikiana "atatoa kadiri ya uwezo wake", wanasaini, wanaondoka. Karatasi hiyo haidai kitu. Iandikwe kiasi, tarehe ya kila mwezi, namba ya kupokelea, na nani analipa ada, sare na matibabu. Akitaka kutoa mahindi badala ya hela, sawa, ila yaandikwe magunia mangapi na mwezi gani.

Asipofika, au akivunja makubaliano, ombi linakwenda Mahakama ya Watoto. Mbeya ina jengo lake. Kwa Mafinga aulize Mahakama ya Wilaya. Hakimu atapima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mama aende na orodha ya matumizi ya mwezi yenye risiti. Akitaja laki tano kwa hasira bila mchanganuo, anajiangusha mwenyewe. Amri hudumu mpaka mtoto afikishe miaka 18, na mahakama inaweza kuiongeza akiwa bado masomoni.

Wakili_wa_Mlimani:
Na asimzuie baba kumwona mtoto ili kumbana alipe. Haki ya mtoto kumwona mzazi wake haitegemei malipo, na upande wa pili utalitumia hilo. Asiye na hela ya wakili awaone wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure, ustawi watamwelekeza walipo.