Naomba ushauri: shimo la mboji linanuka, na chupa zimejaa stoo

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naishi Mwanakwerekwe, hapa Unguja, nyumba ya watu wanane, na najitahidi sana kupunguza taka zinazokwenda jaani. Sokoni naenda na kikapu changu cha ukindu. Vifuu na makumbi ya nazi tunawashia moto, maganda ya ndizi na muhogo anakula mbuzi wa jirani.

Linaloniumiza ni mboji. Nimechimba shimo uani, natia machicha ya nazi, maganda ya mayai na majani makavu ya mwembe. Masika haya limejaa maji, linanuka, na kunguru wanachakura mpaka machicha yanafika mlangoni kwa watu. Jirani kaniambia kwa upole, lakini nimeona haya. Nilifunike kwa makuti, au nihamie kwenye pipa lililotobolewa chini?

Na chupa za maji, ninazo magunia 3. Kuzichoma sitaki, mama ana pumu. Nani hapa mjini ananunua kwa kilo, na anazitaka na vifuniko vyake? Mwenye kujua pia wanapouza viti vya plastiki iliyorejelezwa anielekeze, tafadhali.