Diski inasema PASSED lakini kipimo kirefu kinafeli: niamini kipi?

majengo_moshi:
Habari za jioni wakuu. Nina seva ndogo ya ofisi hapa Moshi, Ubuntu, diski moja ya sahani (HDD) ya TB 1, mfumo wa faili ext4. Tangu Jumatatu folda moja ikifunguliwa mashine inaganda sekunde 10 hadi 20, halafu inaendelea. Nakala ya akiba iliyopo ni ya mwezi uliopita. Majibu ya `smartctl -a /dev/sda` (amri inayosoma ripoti ya afya ya diski), nimeyafupisha:

```
overall-health self-assessment: PASSED
  5 Reallocated_Sector_Ct       0
197 Current_Pending_Sector     24
198 Offline_Uncorrectable      24
199 UDMA_CRC_Error_Count      312
Extended offline: read failure, 50%, LBA 976214432
```

Nilipanga kuendesha badblocks (inayotafuta sehemu mbovu za diski) usiku huu na fsck (inayokarabati mfumo wa faili) asubuhi. Nianze na ipi?

fundi_ngarenaro:
Usianze na yoyote, mkuu. fsck inaandika kwenye diski, na badblocks itaisugua diski nzima wakati data bado haijatoka. Zima seva kwanza.

PASSED ina maana ndogo sana. Inasema tu kwamba hakuna kipimo kilichoshuka chini ya kikomo alichoweka mtengenezaji, na vikomo hivyo viko chini mno. Soma namba za mwisho za mstari wa 5, 197 na 198. Sekta (vipande vidogo vya diski) 24 zimeshindwa kusomeka na zinasubiri. Diski haizibadilishi peke yake kwa sababu bado ina matumaini ya kusoma kilichomo. Itaamua siku utakapoandika juu yake. Ndiyo maana 5 bado ni 0. Kule kuganda ni diski inarudia kusoma palepale. Tena 24 inagawanyika kwa 8: diski nyingi za sasa zina sekta halisi za baiti 4096 zinazohesabiwa kama 512 nane nane, kwa hiyo huenda zilizoharibika ni sehemu tatu tu.

Washa kwa flashi ya Ubuntu, chomeka diski ya TB 2 yenye ext4 (FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4), ipandishe (mount) kwenye /mnt/akiba, kisha:

```
sudo apt install gddrescue smartmontools
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
sudo ddrescue -n /dev/sdX /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdX /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map
```

Linganisha SERIAL na karatasi iliyobandikwa kwenye diski ili ujue herufi ya kuweka penye X, maana ukiwasha kwa flashi herufi hubadilika. Ukigeuza chanzo na pa kupokelea, umefuta kila kitu. ddrescue inanakili diski nzima kuwa faili moja, diski.img. Amri yake ya kwanza inachota yote yanayosomeka kwa urahisi na kuyaruka mabaya. Ya pili inayarudia mabaya mara tatu. Faili la .map usilifute: umeme ukikatika, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia.

sanawari_pc:
Kabla ya hapo badilisha kebo ya SATA. 199 haihusu sahani hata kidogo. Ni data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Kebo iliyolegea au iliyokunjwa sana ndiyo huwa chanzo. Namba hiyo hairudi chini, kwa hiyo andika 312 mahali uangalie kama itapanda. Kwenye `dmesg`, ICRC inaonyesha njia mbovu, UNC inaonyesha sekta isiyosomeka. Wewe unaonekana una magonjwa mawili kwa pamoja, na ukitibu moja tu utachanganyikiwa na majibu.

majengo_moshi:
Asanteni sana. Kebo mpya, 199 imebaki 312. Mzunguko wa kwanza saa 2 na dakika 40, zikabaki baiti 12288. Baada ya -r3 zimebaki 8192. Nitajuaje ni faili gani limeumia?

fundi_ngarenaro:
Fanya kazi kwenye picha (lile faili la diski.img), diski iache ipumzike.

```
ddrescuelog -b512 -l- diski.map
sudo losetup -rfP --show diski.img
```

Ya kwanza inataja sekta zilizokosekana. Kwako zitakuwa 16. Ya pili inakupa jina kama /dev/loop0, kwa kusoma tu. Chukua LBA (namba ya sekta), punguza namba ya mwanzo wa kizigeu, yaani partition (`fdisk -l` itakuonyesha, mara nyingi 2048), kisha gawanya kwa 8 ikiwa bloku za ext4 ni baiti 4096. Kwa LBA yako: 976214432 − 2048 = 976212384; ÷ 8 = 122026548.

```
sudo debugfs -R "icheck 122026548" /dev/loop0p1
sudo debugfs -R "ncheck NAMBA_YA_INODE" /dev/loop0p1
```

icheck inatoa namba ya inode (namba ya ndani ya faili), ncheck inaigeuza kuwa jina la faili. Ukijibiwa kwamba bloku haikupatikana, basi ilikuwa tupu na hujapoteza kitu hapo. Likitajwa faili, lichukue kutoka nakala ya mwezi uliopita. fsck sasa unaweza, lakini juu ya nakala ya picha hiyo.

kijenge_juu:
Naongeza kwa wanaopima diski za nje. Adapta nyingi za USB zinahitaji `smartctl -d sat -a /dev/sdX`, la sivyo hupati kitu. Kipimo kirefu kikikatika katikati kila mara, mara nyingi kisanduku kimeilaza diski. Iulize hali kila dakika kwa kuweka `watch -n 60` mbele ya amri hiyo ya smartctl, ili isisinzie.

Na wenzetu mnaopanda na wageni Kilimanjaro mkibeba diski za picha zao: diski nyingi za sahani zina kikomo cha kufanya kazi cha mita 3,048. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya hewa, na hewa ikiwa nyepesi kinashuka karibu na sahani. Moshi na Arusha hakuna shida, kambi ya Mandara hakuna shida, lakini kambi ya Horombo ni mita 3,720. Kuanzia hapo tumieni SSD.

majengo_moshi:
Faili moja tu, PDF, na nakala ninayo. Hii diski niitupe?

fundi_ngarenaro:
Ijaribu, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, sekta inaweza kubaki haisomeki ingawa sahani ni nzima. Iandike sifuri yote kisha pima upya:

```
sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=1M status=progress
sudo smartctl -t long /dev/sdX
```

`badblocks -wsv` ni kali zaidi, lakini inaandika na kusoma mara nne nne. Kwa TB 1 na kasi ya diski yako ni kama saa 21 na unahitaji UPS. 197 ikirudi 0 na 5 ikibaki 0, itumie kwa vitu visivyo na thamani. 5 ikipanda, au 197 ikipanda tena ndani ya wiki, itoe kazini.

Kwenye diski mpya, weka mstari huu ndani ya /etc/smartd.conf (mipangilio ya smartd, programu inayopima diski yenyewe kwa ratiba), kipimo kifupi kila siku saa 8 usiku na kirefu Jumamosi saa 9 usiku:

```
/dev/sda -a -s (S/../.././02|L/../../6/03)
```

Kama ofisi inazima seva usiku, badilisha 02 na 03 ziwe saa za mchana.