Naomba ushauri: nigombee uongozi wa chama au nibaki mwanachama wa kawaida?

Hamjambo, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, ninakosomea ualimu wa Kiswahili na Historia, na wenzangu wa CHAWAKAMA, chama kinachowaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wananihimiza nigombee nafasi ya mweka hazina. Ninapenda makongamano yake, hasa mijadala na wenzetu wa Tanzania (ambao hutuacha mbali kwa ufasaha). Hata hivyo, ninaishi Rongai, mji ulio nje kidogo ya Nairobi, mikutano hufanyika jioni, na mvua inaponyesha nauli ya matatu hupanda. Waliowahi kushika wadhifa huo walipangaje muda wao, hasa wakati wa mazoezi ya kufundisha?