Naomba ushauri: kihori nikibebe vipi kwenye boti ndogo ya kabini, Lamu hadi Kiwayu?

MwanaLangoni

Assalam alaikum wana jukwaa.

Nina boti ya faiba ya futi 22. Mbele ina kabini ndogo ya kulala watu wawili, na nyuma injini moja ya hospawa 60 imefungwa katikati ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Hapa mjini sina tatizo nayo, maana nafunga gatini na watu wanapanda kwa ngazi. Tatizo ni safari. Nataka kumpeleka mama, mke wangu na watoto wawili kwa jamaa zetu Faza, kisiwani Pate, kisha tufike kisiwa cha Kiwayu tulale siku mbili tatu. Faza maji yakipwa ni tope tupu, kwa hivyo boti lazima ikae mbali. Kiwayu nako sitaki kuipandisha mchangani nikaharibu propela. Nahitaji kihori, yaani kiboti kidogo cha kutufikisha pwani. Mama ana miaka zaidi ya 70, na goti lake halimruhusu kuteremka majini akatembea.

Sasa nikibebe wapi? Kuna kukivuta nyuma kwa kamba, kuna kukipandisha juu ya paa la kabini, kuna kufunga vyuma viwili tezini nikakining'iniza, na kuna kununua kile cha kujaza upepo kinachokunjika. Kila ninayemuuliza bandarini ananipa jibu linalofaa chombo chake yeye, ndiyo maana nimetaja urefu na injini. Safari ni kaskazi hii hii, inshallah.

Tezi_na_Omo

Waalaykum salaam. La vyuma vya tezini lifute leo. Injini ya nje ukiinyanyua, mguu wake unatoka nyuma na kwenda juu, na hapo hapo ndipo kihori kitakapokuwa kimening'inia. Halafu kuna uzito. Kihori cha mbao cha kilo 50 pamoja na vyuma vyake, vyote viko nyuma ya tezi, na abiria nao wamekaa nyuma kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Omo (sehemu ya mbele) itapanda na tezi itazama. Likija wimbi likakijaza kihori, kila lita ya maji ni kilo moja zaidi, na lita 100 hazichukui muda kuingia. Vyuma vile ni vya boti kubwa zenye injini ndani.

Kaskazi_Mkavu

Vuta tu, kaka. Huku kwetu watu wanavuta vihori tangu babu na babu. Lakini kuvuta kuna adabu yake.

Toa kila kitu ndani ya kihori: injini, makasia, nanga, tangi la mafuta. Kiwe kitupu. Kamba isifungwe upande mmoja wa tezi, itakuvuta usukani. Tengeneza kamba ya matawi mawili, moja kushoto na moja kulia, yakutane nyuma ya injini, ndipo kamba ya kihori ianzie hapo. Tumia kamba ya plastiki inayoelea, kwa sababu nailoni huzama, na ukipunguza mwendo itaingia kwenye propela. Kisha angalia mawimbi ya nyuma ya boti yako mwenyewe. Rekebisha urefu mpaka kihori kikae mgongoni mwa wimbi la pili, omo yake imeinuka kidogo. Kikikaa kwenye mteremko wa mbele wa wimbi, kitakuwa kinaikimbilia boti. Ukikaribia gati au kupinda kwenye mikoko, punguza mwendo kwanza, kisha fupisha kamba kabisa.

Tezi_na_Omo

Ndugu yangu Kaskazi, yote uliyosema ni sahihi kwa maji ya ndani. Lakini angalia safari ya huyu bwana. Kwenda Kiwayu msimu wa kaskazi upepo unamkabili usoni, na kihori kitafuata vizuri kwa sababu kamba imekaza muda wote. Kurudi je? Upepo na mawimbi vyote vinatoka nyuma. Kwenye milango ya bahari kati ya visiwa, pale wimbi la nje linapoingia, boti inapanda mgongo wa wimbi na kupunguza mwendo huku kihori kinateremka wimbi la nyuma yake. Kamba inalegea, kihori kinakuja mbio na kugonga injini, kisha kamba inakaza kwa kishindo. Hapo ndipo pete ya kufungia kamba hung'oka. Na ndani ya boti kuna mama mzee na watoto, kwa hivyo nahodha hana wakati wa kuangalia nyuma.

Kaskazi_Mkavu

Kwa kurudi nakubaliana nawe. Mimi njia zangu ni za ndani: Mkanda (mlango kati ya Manda na bara), Mtangawanda na Siyu, na huko maji yametulia.

FundiMatondoni

Nazungumzia paa. Kihori cha mbao za kawaida usikifikirie, hata kama mtu akikupa bure. Mbao zikishiba maji, wanaume wawili hawakipandishi paani huku boti inayumba. Cha plaiwudi ya baharini kilichopakwa gundi ya epoksi, futi 8, kinaweza kubaki kwenye kilo 30 na kidogo, na sisi tunaweza kukitengeneza. Ila nakuuliza kwanza: paa lako lina nguvu gani? Boti nyingi za futi 22 paa ni faiba nyembamba ya kuzuia jua, haikutengenezwa kubeba. Simama juu yake, na likibonyea chini ya mguu, basi litahitaji mbao za kukaza kwa ndani kabla hujaweka chochote.

La pili, uzito wa juu unaifanya boti iyumbe zaidi, na kihori kilichofunikwa kifudifudi kinashika upepo wa ubavuni. La tatu, ukikaa kwenye usukani unaona nini? Kama omo ya kihori inakuziba usiyaone maboya ya wavuvi, ni hatari kubwa kuliko faida.

BintiShela

Kaka MwanaLangoni, naona wanaume wote wanazungumzia kihori kinabebwaje na hakuna aliyemzungumzia mama anaingiaje. Mimi kazi yangu ni kuteremsha watu kwenye boti kila wiki, wakiwemo wazee, na nakuomba uanzie hapo.

Kihori chembamba cha mbao, mtu akikanyaga pembeni kinalala. Kijana atajishika. Mzee mwenye goti bovu ataanguka kati ya kihori na boti, na hapo ndipo mtu huvunjika mguu. Cha kujaza upepo kina mabomba mapana pande zote mbili, ukikanyaga ukingo kinazama kidogo tu na kubaki sawa. Mama anaweza kukaa kwanza juu ya bomba, miguu bado imo ndani ya boti, kisha akageuka polepole akaingiza mguu mmoja mmoja. Hashuki wima hata kidogo. Wewe uwe umekaa ndani ya kihori umemshika kiuno, mkeo amemshika mkono kutoka botini, na kihori kimefungwa kwa kamba mbili, mbele na nyuma, kisisogee. Fanyeni hivyo ubavuni, penye kingo ya chini, si kwenye tezi karibu na injini.

Ninyi ni watano. Chukua cha urefu wa mita 2.3 au 2.4 hivi, hubeba watu wazima watatu maji yakiwa matulivu. Nendeni safari mbili, na mtoto asibaki peke yake upande wowote. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe pia kwenye kihori, kwa sababu watu huzivua wakiona pwani iko karibu.

MwanaLangoni

Dada BintiShela, Mungu akulipe. Hilo la kukaa kwanza juu ya bomba sikuwa nimelisikia popote.

Fundi, nimepanda paani leo. Mbele ya kioo linabonyea, kati liko imara. Kwa hivyo naegemea cha upepo. Maswali yangu: kina uzito gani, jua la huku kitalistahimili, na nikikunje kila mara au nakiacha kimejaa?

Tezi_na_Omo

Cha urefu huo chenye sakafu ya vibao ni kama kilo 25, na injini ndogo ya hospawa 2.5 ni kilo 14 hadi 18. Mtu mmoja anaibeba. Kuhusu jua, uliza kimetengenezwa kwa nini. Cha PVC (plastiki) ni nafuu lakini jua la pwani hulegeza gundi kwenye maungio, kwa hivyo kishonee turubai la kukifunika. Cha Hypalon, aina ya mpira, ni ghali na hudumu zaidi. Mchana kikiwa paani kimejaa, punguza upepo kidogo, maana hewa ikipata moto inatanuka. Ukikiteremsha majini kitalegea, kiongeze kwa pampu. Na suuza mchanga kila siku, ule unaoingia kati ya bomba na sakafu hula mpira taratibu.

Kukunja: kwa safari yako, maji ya ndani kivute kikiwa kitupu, mwendo wa pole. Kitupu kwenye mwendo mkali upepo wa ubavu hukipindua. Ukifika penye wimbi la nje, kitoe upepo, kifunge katikati ya paa pale palipo imara. Kwa pampu ya mguu kukijaza tena ni kazi ya robo saa hivi.

Ami_Mokowe

Wanangu, mmesema vizuri. Mimi naongeza maji. Siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, huku yamepwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na ndiyo saa watu wa safari hupenda kufika. Ukifika Faza saa hiyo, hata kihori hakikufikishi, utampakata mama topeni. Nenda tarehe 19 au 20 ya mwezi wa Kiislamu, au 4 na 5, maji yanajaa kwenye saa mbili asubuhi. Ondoka Lamu alfajiri, Mkanda unaupita maji yakipanda, Siyu unapita yakiwa juu, na Faza unafika bado kina kipo. Kaskazi nayo asubuhi haijashika nguvu. Kurudi fanya vivyo hivyo, usingoje mchana.

Na ukiweza kusubiri maleleji, kipindi cha utulivu kati ya kaskazi na kusi, mwanangu, subiri.

MwanaLangoni

Ami, shikamoo. Watoto shule zinafunga Aprili, nitamuuliza mama kama atakubali kungoja mpaka wakati huo. Kihori nimeshaamua ni cha upepo. Kuna anayejua fundi wa kuaminika wa kuziba pancha za Hypalon hapa Lamu, au mpaka Mombasa?

BintiShela

Shela yupo. Njoo gatini Jumamosi baada ya adhuhuri nikupeleke, na mlete mama apime kukaa juu ya kihori chetu kabla hujanunua.