Mjadala: Kinachodumaza biashara ndogo ni riba, au ni rejesho la wiki ya kwanza?

Ndugu zangu, kila tunapogusa mikopo midogo tunagawanyika vilevile. Kuna wanaosema mikopo hii imewatoa wanyonge kwenye umaskini na iongezwe. Kuna wanaosema ni kausha damu, ifutwe kabisa. Mimi naona kuna kitu wote tunakiruka: ratiba ya marejesho. Nasema wazi kwamba mkopo unaoanza kurejeshwa wiki ya kwanza au ya pili haumkuzi mfanyabiashara, hata riba yake ikiwa ya huruma.

Mchukueni fundi wa kushona mwenye cherehani moja. Amepata mkopo, anataka cherehani ya pili na msaidizi wa kuikalia. Wiki ya kwanza mashine imefika lakini msaidizi bado anatafutwa. Wiki ya pili msaidizi anajifunza, na kitambaa cha mteja kimekatwa vibaya, inabidi kilipwe. Wiki ya tano au ya sita ndipo kazi zinaanza kutoka mbili mbili. Lakini rejesho halikusubiri wiki ya sita. Limedaiwa tangu siku saba za mwanzo, na fedha ya kulilipa imemeguliwa kwenye mkopo uleule. Anayejua hesabu haendi tena kununua cherehani. Anachukua bidhaa za kununua leo na kuuza kesho, anapata chake kidogo, anarejesha, anakopa tena. Baada ya miaka mitano ana rekodi safi ya marejesho na cherehani yake ni ileile moja.

Hili limepimwa. Huko Kolkata, India, watafiti Erica Field, Rohini Pande, John Papp na Natalia Rigol waliwagawa wakopaji kwa bahati nasibu: wengine walianza kurejesha baada ya wiki mbili kama kawaida, wengine wakapewa miezi miwili ya kupumua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Takriban miaka mitatu baada ya mkopo, waliopewa nafasi walikuwa na faida kubwa zaidi kwa asilimia 41 hivi. Mkopo uleule, tofauti ni wiki chache tu za mwanzo.

Najua maafisa mikopo watanijibu nini, na wana haki ya kujibu: katika utafiti huohuo, walioshindwa kurejesha waliongezeka zaidi ya mara tatu katika kundi lililopewa nafasi. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Rejesho la mapema linamlinda mkopeshaji, kwa sababu linamzuia mkopaji kujaribu jambo lenye hatari, na jambo lenye hatari ndilo lenye faida. Udhamini wa kikundi unaongeza uzito huohuo. Mmoja akifika kikaoni mikono mitupu, wengine hawaruhusiwi kuondoka mpaka wachangie pengo lake. Nani atakubali kumdhamini mwenzake mwenye wazo jipya?

Tukumbuke pia tulikoanzia. Mchumi Muhammad Yunus alipowakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, jumla yake ilikuwa dola 27. Walikuwa mafundi waliokuwa wamefungwa na madeni ya wauza malighafi, na fedha ndogo iliwatosha kununua mianzi yao wenyewe, kusuka na kuuza. Kwa kazi ya namna ile, ambayo mzunguko wake ni wa siku chache, rejesho dogo la mara kwa mara linaingia akilini. Mradi wake wa mikopo, Grameen, ukawa benki rasmi mwaka 1983, ikapata Nobel ya Amani pamoja na Yunus mwaka 2006, na rejesho la kila wiki likaenea duniani kama sheria, likapelekwa mpaka kwenye biashara ambazo mzunguko wake ni wa miezi.

Ndiyo maana sishangai kwamba mwaka 2015 zilipochapishwa kwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, hakuna iliyoonyesha mapato ya kaya za kawaida yakipaa. Mikopo ilisaidia, ila kwa kiasi. Huko Hyderabad, India, walionufaika zaidi ni waliokuwa na biashara tayari kabla mikopo haijaingia.

Kuhusu riba, sitaki mnielewe vibaya, inaumiza, na mara nyingi inafichwa. Mtu akikopa 100 na kuambiwa "asilimia 20 tu", akarejesha 10 kila mwezi kwa miezi 12, anadhani analipa 20. Lakini deni linapungua kila mwezi huku riba ikihesabiwa kana kwamba bado anashika 100 yote. Riba yake halisi kwa mwaka ni kama asilimia 35. Hilo litangazwe kabla mtu hajaweka saini.

Kwa wanaotaka ifutwe: jimbo la Andhra Pradesh, India, liliifungia milango mikopo hii mwaka 2010, baada ya habari za wadaiwa kujiua na wakusanya madeni kuwanyanyasa watu. Hasira ile niliielewa na bado naielewa. Lakini mikopo ilipokauka, hata kwenye majimbo mengine ambako wakopeshaji walewale walipungukiwa fedha, ujira wa vibarua ulishuka, wakiwemo ambao hawakuwahi kukopa.

Pendekezo langu: anayenunua kifaa au kuajiri apewe miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza, baada ya hapo alipe kwa mwezi, kufuatana na mzunguko wa kazi yake. Anayeuza bidhaa za kila siku na anayependa rejesho la wiki abaki nalo, wapo linaowasaidia kujibana. Hasara itakayoongezeka itabidi mtu aibebe, na hapo naomba mchango wenu hasa ninyi mliokaa upande wa kukopesha: mfuko wa dhamana wa serikali, riba ya juu kidogo kwa aliyepewa nafasi, au mkopeshaji apunguze faida yake? Na wewe uliyewahi kukopa, ungepewa miezi miwili ya kupumua, ungenunua nini ambacho hukuthubutu kukinunua?