Naombeni ushauri: paka wangu anakataa choo cha kukaa

Mpangaji wa Juu: Habari za jioni wakuu. Nina paka dume, tunaishi naye ndani, ghorofa ya tatu hapa Sinza. Nataka ajisaidie kwenye choo cha kukaa kama sisi. Kwenye video naona watu wanaweka beseni la mchanga juu ya choo, wanatoboa tundu katikati, wanalipanua kidogo kidogo, mwishowe beseni linatolewa. Wangu anapanda, ananusa, anaparuaparua ukingo, anashuka. Aliyefanikiwa anipe mbinu. Naombeni tusitaniane.

Kibarua Mstaafu: Mkuu, mwanangu ana miaka mitatu na bado anakojoa nyuma ya pazia, wewe unamfundisha paka! Akihitimu mlete kwangu awe mwalimu.

Binti wa Tumbatu: Kwetu paka hafundishwi na mtu. Bibi yangu alikuwa nao wengi, kila mmoja akienda zake kwenye mchanga nyuma ya nyumba, anachimba, anafukia, anarudi kulilia kichwa cha samaki. Paka mwenyewe si najisi, ila kinyesi chake ni najisi, na Mungu kamjaalia kukifukia. Mrudishie mchanga wake.

Mganga wa Mbuzi: Mimi ni mtu wa mifugo. Anaparua kwa sababu anatafuta pa kuchimba, na kwenye maji hapachimbiki. Halafu mchanga unakuonyesha kama amekojoa, kama anaharisha, kama kuna damu. Chooni yote hayo yanaondoka na maji. Kwani mchanga una tatizo gani?

Mpangaji wa Juu: Harufu tu mkuu. Na mchanga wa dukani ni ghali.

Mama Kulwa: Harufu inasafishwa, kaka. Chota mchanga wa ujenzi, uchekeche, uanike juani. Sema kinachokusumbua.

Mpangaji wa Juu: Haya. Mke wangu ni mjamzito. Mama mkwe amekuja kutoka Moshi, ameambiwa kinyesi cha paka kinaharibu mimba, anataka paka aondoke. Huyu paka mke wangu alimwokota mtaroni hajafungua macho, akamlea kwa maziwa ya bomba la sindano. Siwezi kumtupa. Nikaona akizoea choo, wote wataridhika. Beseni nimeshalitoa na namfungia bafuni ili azoee. Msinilaumu, nahangaikia familia yangu.

Mganga wa Mbuzi: Hofu ya mama ina msingi. Kuna vimelea vinaitwa toksoplasma, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini vikitoka na kinyesi haviambukizi papo hapo, huchukua siku moja hadi tano. Kwa hiyo wewe ndiye uzoe kila siku, uvae glavu, unawe kwa sabuni, shemeji asiguse. Paka asile nyama mbichi wala panya. Na watu wengi wanavipata kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri, hata kama hawajawahi kufuga paka. Shemeji awaulize kliniki kuhusu kipimo.

Mama Kulwa: Nilipokuwa na mimba ya mapacha mama mkwe wangu alinikataza mayai, pilipili na kupita njia panda. Nilinyamaza, nikala mayai kwa dada yangu. Ila hili la paka mkubalie nusu: mwonyeshe unavyozoa mwenyewe.

Nyoka wa Kibisa: Wakuu mnakunywa chai. Mara harufu, mara bei, mara mimba, mara mama mkwe. Kesho tutaambiwa paka anasoma gazeti chooni. Mleta mada hana hata paka.

Mpangaji wa Juu: Chai ya nini? Namwona hapa kwenye vigae vya bafuni, amechuchumaa, mkia juu, anajikamua na kulia, na hakuna tone. Tangu jana hajakojoa. Nimemwachia makusudi, nikadhani akibanwa sana atapanda choo mwenyewe.

Mganga wa Mbuzi: Hilo ndilo ungeanza nalo! Achana na choo. Dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, na hofu na kubana mkojo vinaweza kuchangia iziba. Ikiziba kabisa, sumu inarudi kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo usiku huu. Usimminye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Usimpe dawa yoyote ya binadamu, hasa panadol, inamuua paka.

Mpangaji wa Juu: Nilikuwa namzoesha tu, mkuu, sikumpiga wala kumnyima chakula.

Mganga wa Mbuzi: Hayo tutaongea kesho. Toka.

Nyoka wa Kibisa: Mkuu, mimi nipo Kijitonyama, jirani yangu ni daktari wa mifugo na anapokea simu usiku. Nakutumia namba faragha. Mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, umfunike na kanga.

Mpangaji wa Juu: Nimeipata, amepokea. Bajaji ipo chini.

Mganga wa Mbuzi: Mwambie saa aliyokojoa mara ya mwisho na kama ametapika. Ukirudi, beseni liwe mahali pake kabla hujamfungulia.